Chubwi chini, chubwi la kuteleza au kapi: mshipi upi ufunge ukivua baharini kutoka ufukweni

Wengi wanaoanza kuvua kutoka ufukweni hushughulika kwanza na ndoana: ziwe ngapi, za namba gani. Sisi tunashauri uanze na chubwi, yaani kizito kinachozamisha mshipi. Mahali lilipofungwa ndipo panapoamua mshipi utaruka umbali gani, utajisokota au la, utanasa mara ngapi, na samaki akidonoa utajua au hutajua. Ndoana hubadilishwa kwa dakika moja. Mpangilio wa mshipi ukikosewa, muda wote wa maji mazuri utaishia kwenye kufumua mafundo.

Aina tatu zinatosha kwa karibu kila ufuko. Ya kwanza ni ya chubwi chini: chubwi liko mwisho kabisa na ndoana ziko juu yake kwenye matawi, yaani vipande vifupi vya mshipi vinavyotoka pembeni. Ya pili ni ya chubwi la kuteleza: mshipi unapita huru ndani ya kishikio cha chubwi, na ndoana ndiyo iliyo mwishoni. Ya tatu ni ya kapi: chubwi upande mmoja, ndoana upande wa pili, na katikati pete ambayo mshipi hupita ndani yake kama kamba katika kapi la jahazi.

Kinachohitajika kwa zote

Kati ya mshipi mkuu ulio kwenye rili (mashine ya kukunjia mshipi iliyo kwenye fimbo) na ule uliobeba ndoana, lazima kuwe na mshipi wa mbele, yaani kipande kinene kinachobeba nguvu ya kurusha. Wavuvi wa kurusha mbali hutumia uwiano huu: kwa kila gramu 28 za chubwi, mshipi wa mbele uhimili angalau kilo 4.5. Chubwi la gramu 110 linadai kilo 18, na la gramu 170 linadai kilo 27. Nailoni ya milimita 0.70 kwa kawaida hufikia uzito huo, lakini soma kibandiko cha bobini (kigurudumu kilichozungushiwa mshipi), maana viwanda hutofautiana. Urefu wake uwe kama mara mbili ya fimbo, ili chubwi likining'inia tayari kurushwa bado ubaki na mizunguko 5 au 6 kwenye rili. Usiupunguze. Mshipi mkuu wa milimita 0.35 ukikatika katikati ya kurusha, chubwi huruka bila kizuizi na linaweza kumuua mtu.

Fundo moja linakutosha kwa kuanzia. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana au swiveli (kiungio cha chuma chenye matundu mawili yanayozunguka), izungushe kwenye mshipi wenyewe mara 5, irudishe kupitia kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kwa nailoni ya milimita 0.70 kwenda juu zungusha mara 3 au 4 tu, kwa sababu mizunguko mingi ya mshipi mnene haikazi. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, na uvute taratibu. Nailoni ikijisugua kavu hupata joto, hulainika, na fundo linalopendeza kwa macho hukatikia hapohapo samaki anapovuta. Acha mkia wa milimita 2 au 3.

Chubwi chini

Huu ndio tungemfungia mtu anayeanza, na ndio tunaoeleza kwa kirefu, kwa sababu vipimo vyake vikieleweka vile vingine viwili huwa rahisi.

Kata nailoni ya milimita 0.70, sentimita 160. Huu ni uti wa mshipi. Funga swiveli ncha ya juu. Kisha tunga kabla ya kufunga kingine chochote: ushanga, swiveli ndogo, ushanga, halafu tena ushanga, swiveli ndogo, ushanga. Mwisho wa chini funga klipu ya chubwi. Anayefunga klipu kwanza hugundua kuwa hana pa kupitishia shanga.

Kila swiveli ndogo inakaa mahali pake kwa vizuizi viwili, kimoja juu ya ushanga wa juu na kingine chini ya ushanga wa chini. Kizuizi ni fundo la kipande cha nailoni ya milimita 0.35, urefu sentimita 15, lililozungushwa kwenye uti mara 6 na kukazwa sana kwa koleo. Faida yake ni kwamba linaweza kusogezwa likiloweshwa, na haliumizi uti. Wako wanaotumia vibomba vidogo vya chuma vinavyobanwa kwa koleo. Hukaa imara, ila ukibana kupita kiasi unaukata uti ndani bila kuona. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya shanga mbili ili swiveli izunguke. Ikibanwa isizunguke, tawi litajiviringa kwenye uti.

Vipimo ni hivi: kutoka swiveli ya juu hadi tawi la kwanza, sentimita 35. Kutoka tawi la kwanza hadi la pili, sentimita 50. Kutoka tawi la pili hadi chubwi, sentimita 40. Kila tawi liwe na sentimita 30 likishafungwa, kwa hiyo kata 45. Sheria iliyo nyuma ya namba hizi ni moja: kila nafasi kwenye uti iwe ndefu kuliko tawi. Ndoana ya chini isilifikie chubwi, ya juu isilifikie fundo la mshipi wa mbele, na mbili hizo zikilala upande mmoja zisikutane. Ukitaka matawi ya sentimita 40, refusha uti wote. Usirefushe matawi peke yake.

Matawi yawe ya nailoni nyembamba kuliko uti, milimita 0.40 au 0.45. Ndoana moja ikinasa kwenye jiwe, unapoteza tawi na mshipi uliobaki unarudi. Ila usishuke sana: tawi la milimita 0.25 ni laini mno na hujisokota kabla halijafika majini.

Iko njia fupi isiyotaka swiveli wala shanga, ya kufunga vitanzi kwenye uti wenyewe na kuning'iniza matawi humo. Ni ya haraka na inafaa kwa machubwi mepesi, lakini kitanzi hupunguza nguvu ya uti pale pale kilipo, na tawi halina pa kuzungukia. Kwa chubwi la zaidi ya gramu 80 tusingeitumia.

Chubwi la kuteleza

Huu una vipande vichache. Chukua nailoni ya milimita 0.70, sentimita 70, funga swiveli ncha moja. Pitisha kitelezi cha chubwi. Kama huna, swiveli kubwa iliyotiwa klipu tundu la chini inafanya kazi ileile. Fuatisha ushanga wa milimita 6 au 8, kisha funga swiveli nyingine. Kwenye swiveli hiyo ya chini funga tawi la milimita 0.45 au 0.50, sentimita 60 hadi 80, na ndoana mwishoni.

Ushanga si pambo. Bila huo, kila kurusha kitelezi kinagonga fundo, na baada ya muda fundo linakufa. Chubwi lenye tundu katikati linaweza kuchukua nafasi ya kitelezi, ila kwenye mchanga tundu hujaa chembe na kuteleza kunaisha. Wengi hupitisha kitelezi moja kwa moja kwenye mshipi wa mbele. Hilo hufanya kazi, lakini ukinasa na kukatika unaondoka na mshipi wa mbele pia, na kubadili aina ya mshipi kunakuwa shughuli ya kufunga upya kila kitu.

Kapi

Kata nailoni ya milimita 0.80, mita 1.1. Ncha moja funga klipu ya chubwi. Tunga ushanga, kisha swiveli kubwa yenye tundu pana, kisha ushanga mwingine, halafu funga swiveli ya kawaida ncha ya pili. Ile swiveli pana ndiyo kapi: uti unapita kwenye tundu lake moja, na mshipi wa mbele unafungwa kwenye tundu la pili. Tawi liwe la milimita 0.60, sentimita 45 hadi 50, ndoana moja kubwa, ya 3/0 hadi 5/0.

Unaporusha, uzito wa chubwi huvuta uti hadi swiveli ya ndoana ikagota kwenye kapi, na chubwi likaning'inia karibu mita moja chini. Samaki akishika, mvuto wake huupeleka uti upande wa pili: ndoana inashuka, chubwi linapanda hadi kapi na kukaa juu ya kichwa cha samaki, mbali na mawe. Hapo ndipo kapi linapozishinda zile nyingine mbili kwenye miamba. Lakini lielewe vizuri: chubwi hupanda tu kama kuna samaki. Ukiurudisha mshipi mtupu, chubwi bado linaburuzika chini na linanasa kama kawaida. Inua fimbo kwa nguvu mara moja kuling'oa, kisha zungusha rili haraka bila kusita hadi lipae karibu na uso wa maji.

Ana kwa ana

Kwa umbali, chubwi chini lenye tawi moja linaongoza. Chubwi linatangulia, uti unanyooka nyuma yake, na chambo kimoja kidogo hakishiki upepo sana. Ukiongeza tawi la pili umbali unapungua, na ukiweka vipande viwili vikubwa vya ngisi unapungua zaidi. Kapi hufuata, na linaweza kusonga mbele ikiwa ndoana itashikwa kwenye kipini cha waya karibu na chubwi ili chambo kisipeperuke. Linaloteleza ndilo la mwisho. Tawi refu linapepea, na kitelezi hakitulii.

Kwa kujisokota, mpangilio ni uleule, na hapa ndipo linaloteleza huwakatisha watu tamaa. Chubwi linapogusa maji na mshipi bado unatoka kwa kasi, tawi la sentimita 80 huanguka juu ya mshipi wa mbele na kujiviringa. Dawa ni kuizuia bobini kwa kidole sekunde ya mwisho kabla ya kutua: mshipi unanyooka, na chambo kinatupwa mbele ya chubwi. Kama bado linajisokota, punguza tawi hadi sentimita 40, au pitisha mrija mgumu wa plastiki wa sentimita 15 juu ya swiveli ya chini. Kuongeza uzito wa chubwi hakusaidii.

Kuhusu kumhisi samaki, linaloteleza lina sifa kubwa kuliko linavyostahili. Hoja yake ni kwamba samaki anavuta mshipi bila kuhisi uzito. Kwenye maji tulivu, kwenye mchanga, ukiwa karibu, ni kweli, na kwa samaki waoga au wanaobeba chambo kwenda nacho kabla ya kumeza, kama taa (samaki bapa), ndilo la kuchagua. Kwenye mkondo mkali hoja hiyo inapungua nguvu. Mshipi unapinda kama upinde, unakwaruza kwenye kitelezi, na samaki anahisi mzigo karibu sawa na chubwi lililofungwa. Chubwi chini nalo lina kitu ambacho linaloteleza halina: samaki akivuta tawi anakutana na uzito wa chubwi, na ndoana kali inajichoma yenyewe. Kwa mtu mwenye fimbo mbili, au anayevua usiku, hilo ni jambo kubwa.

Kapi nalo linamkutanisha samaki na uzito, tena wa ghafla. Kwenye kapi na chubwi chini, hasa ukitumia chubwi lenye miguu ya waya inayoshika mchanga, usitarajie ncha ya fimbo kuinama tu. Mara nyingi samaki hung'oa chubwi na kuja upande wako, na unachokiona ni mshipi kulegea ghafla. Zungusha rili mara moja hadi uhisi uzito. Anayesubiri fimbo ivutwe tena humkosa.

Wapo wanaochagua chubwi chini wakiamini kwamba linainua chambo kutoka sakafuni. Kutoka kwenye gati refu au mwamba ulio juu ya maji mengi ni kweli. Kutoka ufukweni, chubwi likiwa mita 60 mbele, mshipi unakwenda karibu sambamba na sakafu na ndoana zote zimelala chini pamoja na kaa. Kama kaa wanamaliza chambo, tunga ushanga mmoja au miwili inayoelea kwenye tawi, sentimita 5 juu ya ndoana.

Kunasa: kwenye mchanga zote ziko sawa. Kwenye mawe, chubwi chini la ndoana mbili ni baya kuliko yote, kwa kuwa lina vitu vitatu vya kunasa, na ukimpata samaki kwenye tawi la juu, ndoana ya chini inaburuzwa ikitafuta jiwe. Ukilazimika, ondoa tawi la chini. Linaloteleza haliko mbali, maana chubwi hubaki chini wakati samaki anazunguka mawe.

Chubwi la kujitoa

Kwenye miamba ya kweli hata kapi lenyewe halitoshi. Hapo chubwi hufungwa kwa kipande dhaifu cha nailoni ya milimita 0.30, sentimita 20 hadi 30, ili likikwama likatike peke yake na mshipi wote urudi. Hatari yake iko wazi ukikumbuka ule uwiano wa mwanzo: kipande kinachohimili kilo 5 au 6 hakiwezi kubeba chubwi la gramu 110 likirushwa kwa nguvu. Kwa hiyo ama unarusha kwa kubembea polepole chini kwa chini, ama unaning'iniza tundu la chubwi kwenye kipini cha waya kigumu kilichofungwa mwisho wa uti kikitazama chini na kupinda kama ndoana isiyo na ncha. Mvuto wa kurusha hulishikilia chubwi hapo. Likigusa maji mshipi unalegea, linachomoka, na kuanzia hapo linashikwa na kipande dhaifu peke yake. Kabla ya kurusha likague. Likiwa limeshachomoka na hukuona, kipande kitakatika hewani.

Kuchagua

Ipime sakafu kabla ya kufunga ndoana yoyote. Rusha chubwi tupu, la duara bapa, kisha liburuze polepole. Likija laini kwa uzito ule ule, ni mchanga. Ukihisi kugongagonga kwenye ncha ya fimbo, ni kokoto au makombe. Likishika, likaachia, likashika tena, ni mawe au mwani.

Mchanga na mawimbi ya kawaida: chubwi chini, ndoana mbili, namba 2 hadi 1/0, chambo cha minyoo au vipande vyembamba vya ngisi. Tawi la juu tia chambo tofauti na la chini, utajua upesi samaki wanataka nini. Kumbuka namba za ndoana hupungua kadiri ndoana inavyokua hadi kufika 1, kisha hupanda zikiandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea.

Mchanga uliotulia, maji ya kina karibu, chambo kikubwa na samaki mmoja mkubwa anayesubiriwa: linaloteleza, ndoana 3/0 hadi 5/0. Ndoana ya duara inaendana nalo vizuri, kwa sharti usiishtue fimbo: acha mshipi ukaze, kisha zungusha rili tu. Ukivuta kwa nguvu unaichomoa mdomoni. Kwa samaki wenye meno makali badili sentimita 20 za mwisho za tawi kuwa waya.

Mawe, mwani mwingi, chewa au mkunga wanaorudi shimoni wakishashika: kapi, ndoana moja, chubwi la kujitoa. Mwezi wa bamvua, maji yakijaa na kupwa kupita kawaida na mkondo ukiwa mkali, chagua chubwi lenye miguu ya waya kwenye mchanga, lakini kwenye mawe lisilo na miguu, maana miguu hiyo hushika kila ufa.

Samaki wakiwa wanaruka na kufukuza vidagaa juu ya maji, hakuna kati ya hizi tatu inayofaa. Funga kiboya.

Chochote utakachochagua, chambo kisizibe ncha ya ndoana, na uzito wa chambo uhesabu pamoja na chubwi unapolinganisha na gramu zilizoandikwa kwenye fimbo. Tawi lililojikunja baada ya samaki libadilishe hata kama halijakatika, kwa kuwa lililojikunja halinyooki tena na litajisokota. Ndoana ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ikikwaruza na kushika, ni kali, ikiteleza, inoe au itupe.

Mishipi hii yote ina swiveli juu, kwa hiyo acha klipu moja imara mwisho wa mshipi wa mbele na ubebe iliyokwisha kufungwa nyumbani, imeviringwa kila mmoja kwenye kipande chake cha sponji ngumu: minne ya chubwi chini, miwili ya kapi, mmoja wa kuteleza. Klipu hiyo ihimili uzito sawa na mshipi wa mbele au zaidi, na ukirudi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi pamoja na swiveli zote, kwa sababu chumvi hukaa ndani ya shingo ya swiveli na kuigandisha kabla kutu haijaonekana nje.